Kokwa Lisilonyauka

1

"Mwizi mimi namjua kwa mwendo," Bi Kalunde Msanja alipenda kusema akiwa juu ya kiti chake cha uenyekiti wa Baraza la Kata. "Simuulizi jina, simuulizi kwao. Nikimwona anavyovuka kizingiti, basi. Miaka kumi na minne sijakosea. Nilikosea mara moja tu, na huyo nilimzalia watoto watano."

Watu wa Sikonge walicheka kila alipolisema hilo, hata wale walioletwa na mgambo. Lakini asubuhi ile, Pazi Mwinyimvua alipovuka kizingiti akiwa ndani ya gauni la maua la marehemu, hapakuwa na aliyecheka. Bi Kalunde alimfuata kwa macho kutoka mlangoni hadi kwenye benchi, mwanamume wa miaka hamsini na ndevu zake, mabega yamefumua mshono wa gauni, na hakuweza kujua kama anamtazama mwizi au anamtazama mfiwa.

"Pazi," alisema. "Hapa ni barazani."

"Najua, Bi Mwenyekiti. Lakini gauni halijakombolewa. Nimelichukua msibani mbele ya umati, mchana kweupe, na mtani havui nguo ya marehemu mpaka wafiwa wamkomboe. Hadi leo sijaonjeshwa hata kidari cha kuku. Nyie Wanyamwezi mabahili tangu mlipokuwa mkibeba mizigo ya watu kuja kwetu pwani. Mlifika Uzaramoni miguu imevimba, nani aliwachemshia maji?"

"Mlituchemshia maji, mkatuibia na mizigo," Bi Kalunde alijibu, kwa kuwa utani hauachwi bila jibu, ni kama salamu. Kisha akavaa miwani. "Haya, yameisha hayo. Katibu, soma shauri."

Katibu Ndaki alisimama na karatasi yake. Kila ofisi nchini ilikwisha kuachia mashine kazi ya kuandika, isipokuwa Baraza la Kata, ambalo liliamini kwamba mtu akiona kalamu inamwandika hupunguza maneno.

"Mlalamikaji ni Shija Luhende, mtengenezaji wa michezo. Anadai kwamba Pazi Mwinyimvua, fundi makokwa, Mzaramo, mkazi wa hapa, alivunja kufuli ya mchezo uitwao Msitu wa Mwisho, akaunakili mara saba bila ruhusa. Anadai huo ni wizi. Mshtakiwa anasema si wizi, ni utani."

"Na huyu mama?"

"Nyanzala Mihambo, mama wa marehemu Kabula. Nakala moja anayo yeye. Shauri likienda kombo, atanyang'anywa."

Nyanzala hakuinua kichwa. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kaniki ya msiba kichwani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa tangu alipoingia. Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua umefumba nini.

Makokwa yalikuwa yamekwisha kuzoeleka. Kila nyumba ilikuwa na lake, kitu kidogo kama kokwa la tende, cha vuguvugu kama yai lililotoka kutagwa. Ukilifumba kiganjani, mchezo unafunguka machoni. Ila Msitu wa Mwisho, kwa watu wa Sikonge, haukuwa mchezo wa kupotezea muda. Miombo halisi ilikuwa imebaki heka chache nyuma ya uzio wa umeme, na kuingia ni kwa zamu, familia moja mara moja kwa mwaka. Ndani ya kokwa miombo ilikuwa bado iko yote hadi Inyonga, na nyuki wake, na ndege wa asali anayekupigia kelele umfuate hadi kwenye mti wenye mzinga.

Na mle ndani mlikuwa na mwenza.

"Waeleze mwenza ni nini," Bi Kalunde alimwambia Shija.

"Mnamjua, Bi Mwenyekiti."

"Sisi tunamjua. Karatasi ya Ndaki haimjui."

Shija alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kukaa peke yake. Alisema: "Unapoanza, mwenza ni kama kinyago. Anakufuata tu. Ukikutana na siafu ukaruka, kesho naye ataruka. Ukiwa mtu wa kupiga mluzi, atapiga mluzi. Anajifunza unachagua njia gani, unamkejelije mtu aliyechoka, unacheka vipi ukianguka. Ukifika mwaka wa pili, mtu wa nyumbani kwako akilishika kokwa lako, atakukuta wewe mle. Si roho, mimi sichezei roho. Ni mazoea ya mtu."

"Na mwenye kokwa akifa?"

"Kokwa hukaa siku arobaini bila kuguswa na kiganja cha mwenyewe, halafu hunyauka. Mwenza anaondoka nalo. Nililifanya hivyo kwa makusudi. Arobaini ya matanga na arobaini ya kokwa ni moja. Pazi ameitoa hiyo arobaini. Nakala zake hazinyauki."

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Thelathini na nne," Nyanzala alijibu kabla Katibu hajapekua karatasi.

2

Desturi ya Baraza ni kwamba kitu kinachogombewa lazima Mwenyekiti akione. Akiwa mbuzi, anapelekewa mbuzi. Ikiwa mpaka wa shamba, anatembezwa mpaka wa shamba, hata jua liwe kali vipi. Bi Kalunde aliteremka kwenye kiti chake, akaenda hadi mwisho wa benchi, akainama.

"Nikopeshe, Mama Kabula. Nitakurudishia."

Vidole vya Nyanzala vilichukua muda kufunguka. Kokwa lilikuwa na mkwaruzo mwembamba ubavuni, pale Pazi alipolifungua ili atie nakala yake. Bi Kalunde alilifumba.

Kwanza ilikuja harufu: majani makavu, moshi wa mbali, nta. Kisha miti ikasimama pande zote, mininga na mitundu, mirefu kuliko alivyoikumbuka. Mbele yake, mguu mmoja juu ya gogo, alikuwepo msichana wa miaka ishirini na mitatu, mikono ya shati imekunjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Bi Kalunde alijibu kwa sauti, na baraza zima likamsikia.

"Magoti hayo umeyaazima wapi, bibi? Yanalia kama mlango wa stoo."

Alikuwa yeye. Kabula huyuhuyu, fundi wa pampu, aliyekuwa akipanda ngazi ya tangi la maji la kata na spana mfukoni, akiwatupia utani kina mama waliopanga ndoo chini. Mwezi uliopita ngazi ile ilikatika akiwa juu kabisa. Bi Kalunde alikuwa mmoja wa waliomwosha.

Sasa Kabula alipiga mluzi, ndege akajibu, na wakaanza kwenda. Alikwenda upesi, kisha akageuka kungoja, mkono kiunoni, hivyohivyo. Walipoufikia mti wenye asali, alipanda, akakata sega, na kipande cha kwanza akakiweka juu ya jani, mbali kidogo na miguu yao.

"Mwachie ndege chake, bibi. Ukila peke yako, safari ijayo atakupeleka kwa chui."

Bi Kalunde alifumbua kiganja. Alijikuta barazani, amesimama, mashavu yamelowa. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa muda mrefu alikuwa hakumbuki tena sauti ya mama yake mzazi. Alirudisha kokwa, akapanda kwenye kiti, akaifuta miwani, na akachukua muda mrefu kuifuta kuliko miwani ilivyohitaji.

3

"Sema, Pazi. Jitetee."

Pazi alisimama na gauni lake. "Bi Mwenyekiti, wizi naujua. Nikichukua mbuzi wako, zizi lako linabaki tupu. Huyu Shija nimemwachia zizi tupu? Mchezo wake anao. Msitu wake anao. Jina lake liko palepale unapoingilia, sikulifuta. Jirani akija kuomba moto ukampa kijinga, moto wako umepungua?"

"Anayeomba moto hubisha hodi," Shija alisema.

"Msibani hakuna hodi! Msibani mtani anaingia mpaka chumbani. Anachukua godoro, anachukua sufuria na mboga ikiwa ndani, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Ndiyo dawa yake hiyo, tumewapa dawa hiyo tangu enzi za babu zenu. Nimemwigiza Kabula siku tatu, wote mliona. Sikupatia. Nina ndevu hizi. Nikaona kokwa lake linamwigiza kunishinda. Nikasema, basi, hilo ndilo nitakalolichukua mwaka huu."

"Nisikilize, kaka Pazi," Shija alisema. "Ungechukua kitanda cha Kabula, nisingefungua mdomo. Utani ni kati yako na wafiwa. Lakini msitu ule haukuwa wa Kabula, wala huwezi kuupokonya kwake. Niliutembea miaka tisa mti kwa mti kabla ya uzio kuwekwa. Wazee walionionyesha alama za mizinga yao wamekwisha kufa wote."

"Shija mwanangu," Bi Kalunde aliingilia, "uchovu si hoja. Mimi nimelima mahindi miaka tisa juani, na mwaka wa kumi nguruwe pori wakala yote wala hawakuniomba radhi. Niambie umepungukiwa nini."

Shija hakumtazama Mwenyekiti, alitazama sakafu.

"Toleo la kwanza la mchezo huu halikuwa likinyauka. Palikuwa na mtu mmoja, jina lake sitalitaja hapa. Alifiwa na mkewe. Akaingia msituni kumfuata. Waliomtoa walimkuta amekonda kama fito, kokwa limegandamana na ngozi ya kiganja, ikabidi likatwe. Nilikwenda kumwona hospitali. Alinishukuru. Alinishukuru, Bi Mwenyekiti, akaniomba nimrudishie. Niliporudi nyumbani ndipo nikaweka arobaini mle ndani. Niliiweka kama mtu anavyoweka mlango kwenye nyumba, ili aliyeingia aweze kutoka. Pazi amekuja, amening'olea mlango, halafu ananiambia nyumba yako si bado unayo?"

Aliyejibu ni Nyanzala.

"Mimi sijakonda," alisema. "Nalima. Nakula. Nakaa naye saa moja tu, jioni, nikishaosha vyombo. Una mtoto, Shija?"

"Sina, mama."

"Sasa huo mlango ulipokuwa unauweka, ulimuuliza nani?"

Shija alifumba macho kidogo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Bi Kalunde aliliona hilo, akaona pia kwamba mama wa watu amesema kweli, na kwamba kweli ile haikuondoa kweli ya yule mwingine hata kidogo. Mashauri ya namna hii ndiyo yanayoua wenyeviti. Akataka kuahirisha hadi Jumatano.

"Mama," Shija alisema polepole, "unajua nakala nyingine sita ziko wapi?"

"Pazi alisema ziko kwa wapwa zake."

Pazi alijikuna shingo. "Waliniomba. Walisema wanataka kuuona msitu tu."

"Ziko Ipole," Shija alisema. "Kwenye banda la michezo, karibu na mnada. Nilikwenda mwenyewe juzi. Vijana wanapanga foleni. Wamegundua kwamba Kabula hamkatalii mtu jambo. Wakimwambia apande mti mrefu, anapanda. Wakimwambia aachie mikono, anaachia. Na anapoanguka anacheka, kwa sababu alivyokuwa akicheza mwenyewe, akianguka alikuwa anacheka. Wanashindana nani atamwangusha kutoka juu zaidi."

Kila aliyekuwa mle alikuwa ameiona ile ngazi.

Nyanzala alisimama. Hakupiga kelele. Alikwenda hadi alipo Pazi, akamtazama usoni, kisha akaanza kumfungua vifungo vya gauni, kimoja kimoja, mgongoni, kama mama anavyomvua mtoto. Pazi alisimama kama mti. Alibaki na kaptula na fulana iliyotoboka, analia waziwazi, mwanamume mzima. Nyanzala alilikunja gauni, akalipakata.

"Mama Kabula," Bi Kalunde alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Umechukuliwa nini?"

"Wamenichukulia mwanangu."

"Unaye kiganjani. Hajapungua hata ukucha."

"Ninaye."

"Basi umechukuliwa nini?"

Nyanzala alitafuta. "Sijui kinaitwaje. Lakini nimechukuliwa. Mimi sikuwaambia ndiyo. Yeye mwenyewe hawezi tena kuwaambia hapana."

Bi Kalunde alitikisa kichwa. Alitamani jibu lingekuwa jingine.

"Basi, mama, umejibu lako na umemjibia na Shija. Naye hakusema ndiyo. Ndaki, andika. Nilidhani wizi ni mpaka zizi libaki tupu. Leo nimeelimishwa, na uzee huu. Mtu anaweza kukuibia na kila kitu chako kikawa mahali pake. Pazi, mtani wangu, umeiba. Hukukusudia, lakini mbuzi akishaliwa hatuulizi kisu kilikuwa na nia gani. Makokwa sita utayafuata Ipole wewe mwenyewe, kwa miguu. Jumamosi yatatwangwa hapa uani, kwenye kinu, watu wakiona. Yote saba."

Ndaki aliinua kalamu. "Saba, Bi Mwenyekiti? Au sita?"

"Umesikia nilivyosema."

4

Jumamosi ilikuwa siku ya thelathini na nane. Shija hakuwepo, alikuwa amerudi Tabora kwenye kazi zake, akaacha ujumbe kwamba atakuja baada ya arobaini kutia sahihi. Watu walijaa uani. Kinu kilikuwa cha mninga, cha zamani, kilichokuwa kikitwangia mtama enzi za Bi Kalunde akiwa mwari. Alikataa kumpa mtu mchi.

"Niliyehukumu ni mimi," alisema. "Nyie shikeni mikono yenu."

Pazi alileta sita ndani ya kikapu. Miguu ilikuwa imevimba. Hakutania mtu, na ukimya wake uliwaogopesha watu kuliko kinu.

Kokwa likipigwa na mchi halipasuki kama karanga. Hutoa sauti ya kuguna, na harufu kama ya nywele zilizoungua. La kwanza, la pili, la tatu. Bi Kalunde alitwanga kwa mwendo ule wa wanawake wa zamani, na kila mchi uliposhuka alijiambia: yule ni wa Ipole, yule anayeangushwa. Alifika la sita bila kusimama.

"La saba," Ndaki alisema, kalamu tayari.

Nyanzala alikuja mbele. Alikuja na mawili: lile lenye mkwaruzo, nakala ya Pazi, na lile la asili, lililokuwa la Kabula mwenyewe kihalali na lililobakiwa na siku mbili kabla ya kunyauka. Baraza lilikuwa limeagiza ayalete yote, ili ionekane lipi ni lipi. Aliyaweka katika kiganja cha Bi Kalunde na kurudi nyuma hatua moja. Alikuwa halii. Angelia, labda Bi Kalunde angeweza kuitwanga nakala.

Alipima makokwa yale mawili mkononi. Yalikuwa na joto moja. Watu walikuwa mbali, na Ndaki alikuwa na macho mabovu tangu utotoni. Bi Kalunde alijiambia kwamba hukumu imekwisha kutolewa, watu wameiona, Ipole imenyamaza, sasa kokwa moja nyumbani kwa mfiwa, saa moja jioni baada ya kuosha vyombo, litampunguzia nani nini? Shija hatapungukiwa kitu. Neno hilo alishalisikia kwa mtu mwingine, tena siku si nyingi. Alilimeza.

Alilitia la asili ndani ya kinu. Akatwanga.

"Chukua la halali hili, Mama Kabula," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akimrudishia lile lenye mkwaruzo. "Una siku mbili za kumuaga."

Nyanzala alilitazama kokwa. Kidole gumba chake kilipita juu ya mkwaruzo, kikasimama hapo. Akamwinulia Mwenyekiti macho. Kisha akafumba mkono, akaondoka bila kushukuru, na Ndaki akaandika: saba.

5

Siku ya arobaini na mbili Shija alifika saa tatu asubuhi, vumbi la Tabora begani. Bi Kalunde alimkaribisha chai ndani ya ofisi ya Baraza, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, mgongo wake ukiuelekea mlango. Ndaki alitoa karatasi.

"Usinielewe vibaya, Bi Mwenyekiti," Shija alisema. "Sikushuku. Lakini nikishatia sahihi shauri limefungwa, na nikiulizwa popote nitasema nimesikia kwa kinywa chako. Kwa hiyo nikuulize."

"Uliza, mwanangu."

"Yalitwangwa yote saba?"

"Yote saba. Kwa mkono wangu huu."

"Na lile la asili?"

"Lilinyauka juzi, kama ulivyoliamuru."

Kalamu ya Ndaki ilikwaruza karatasi. Shija alishusha pumzi ndefu, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Nashukuru. Nilikuwa silali. Si kwa ajili ya mchezo, mchezo nitatengeneza mwingine. Ni yule mama. Kila nikifumba macho namwona yule bwana wa hospitali, halafu uso unabadilika unakuwa wa Mama Kabula." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Nilikuwa nimejiandaa ukinijibu vingine nikuombe twende kwake wote wawili."

"Yule jasiri," Bi Kalunde alisema, akammiminia chai kikombe kikiwa bado kimejaa. "Ametulia. Mwache apumzike."

"Hodi hapa."

Sauti ilitoka mlangoni. Bi Kalunde aliitambua, akafungua kinywa kusema ngoja kwanza, lakini mgeni alikuwa amekwisha kuingia. Nyanzala alikuwa ameivua kaniki. Alivaa kitenge cha bluu, na nywele zake zilikuwa zimenyolewa upya. Hakumtazama mtu aliyekaa kwenye kiti chenye mto. Alikuja na neno lake mdomoni, kama mtu aliyebeba maji juu ya kichwa akaogopa kugeuka.

"Sikai, dada Kalunde. Nimeleta lile kokwa ulilonirudishia. Lenye mkwaruzo."

Kikombe cha Shija kilisimama hewani.

"Juzi tumeanua matanga," Nyanzala aliendelea. "Watu wamekula, wameondoka, godoro lake nimeligawa. Jioni nikaingia msituni nimwambie. Nikamwambia, Kabula, mama yako ameanua matanga yako. Akacheka. Akasema, 'Mama, ndege anaita, twende.' Nikamwambia tena. 'Mama, ndege anaita.' Nikakaa chini ya mti mle ndani mpaka miguu ikafa ganzi, nangoja aniambie neno moja ambalo hakuwahi kuniambia. Hata kunigombeza. Jana nikarudi, nikangoja tena. Hana, dada. Mimi ndiye niliyebaki nimemshika nguo, yeye alishakwenda." Alifumbua kiganja. "Ulinihurumia, najua, na Mungu akulipe. Lakini ulinichagulia. Litwange. Safari hii ulitwange lenyewe."

Shija aliweka kikombe mezani. Hakugeuka kumtazama Nyanzala. Alikuwa akimtazama Mwenyekiti.

"Katibu," alisema, "naomba unisomee tena alivyosema Mwenyekiti."

Ndaki aliisogeza karatasi karibu na macho yake mabovu, akaisogeza mbali, akamtazama Bi Kalunde, na Bi Kalunde hakumsaidia.

"'Yote saba,'" alisoma. "'Kwa mkono wangu huu.'"

Mkono wenyewe ulikuwa umekwisha kunyooshwa mbele ya Nyanzala, kiganja wazi, kupokea la saba.